Kuacha Kazi ya Mshahara na Kuingia Biashara

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewagawanyia waja wake maisha yao kwa hekima yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyechunga kondoo kwa ujira na akasafiri na mali ya biashara, pamoja na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu ya baada ya Magharibi alituletea suala ambalo twajua si lake peke yake. Ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, na kazi hiyo ameifanya miaka tisa. Ana mke na watoto watatu, na mama mzee anayemtegemea. Asema amechoka kuandika khabari za mali za watu, naye ataka kufungua duka lake la mchele, sukari na viungo. Suala lake ni hili: Je, aache kazi aingie biashara? Na je, kubaki kwake katika mshahara si upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu?

Suala hili lilitufikia zaidi ya mwezi mmoja uliopita, naye amelingoja jawabu kwa adabu njema. Tumekawia kwa sababu ambayo hatuna budi kuieleza, kwani kuificha ni kuwakhini wasomaji wetu.

Miaka michache nyuma, katika darsa hiyo hiyo, tuliisifu biashara kwa maneno mengi. Tukasema kwamba sehemu tisa katika kumi za riziki zimo katika biashara, na maneno hayo tukayanasibisha na Mtume s.a.w., kama yalivyoenea vinywani mwa watu. Kijana mmoja aliyekuwapo aliyachukua akaenda nayo. Alikuwa mwalimu wa skuli, mwenye mshahara mdogo lakini wa kila mwezi. Haukupita muda akaacha kazi, akakusanya akiba yake yote, akaongeza dhahabu za mkewe, akanunua mali ya nguo. Duka halikutimiza mwaka. Kazi ile hakuirudia, mali ile haikubaki, na mkewe akakaa kwao na watoto muda wa miezi minane.

Alipotujia kijana huyo hakutulaumu. Alituuliza neno moja tu: "Shekhe, hadithi ile ni sahihi?"

Tukarudi vitabuni, jambo lililotupasa kulifanya kabla ya kufungua mdomo. Maneno hayo Imam Ghazali ameyataja katika Ihyaa. Na Hafidh Al-Iraqi, aliyezichungua hadithi za kitabu hicho, amebainisha kwamba mpokezi wake, Nuaim bin Abdurrahman, si Sahaba bali ni katika Tabiina. Basi hadithi hiyo ni mursal. Sanadi yake haikuungana mpaka kwa Mtume s.a.w. Sisi tulimpa mtu neno lisilothibiti, naye akalijengea nyumba, nayo nyumba ikamwangukia. Hiyo ni khatia yetu, na twaomba maghufira. Kwa ajili hiyo safari hii tumejibu polepole.

KAZI ZOTE MBILI NI ZA HALALI

Jambo la kwanza: mtu asidhani kwamba sharia imeifanya biashara kuwa ya watu wenye imani, na mshahara kuwa wa watu dhaifu. Katika Sura ya Al-Qasas, Mwenyezi Mungu ametusimulia khabari za Nabii Musa a.s. alipofika Madyan hali ni mkimbizi asiye na kitu. Binti wa yule mzee alimshauri babake amwajiri, akamsifu kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Musa akakubaliana na mzee kufanya kazi miaka minane, na akipenda kutimiza kumi ni hisani yake. Na Ibn Abbas r.a. amesema kwamba aliutimiza muda ulio mrefu zaidi. Basi huyo, aliyesema na Mola wake, alikuwa mwajiriwa wa mkataba, na mkataba aliutimiza na kuuzidisha.

Na Mtume wetu s.a.w. ameonja pande zote mbili. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba alichunga kondoo za watu wa Makka kwa ujira wa vijisarafu vichache. Kisha akaenda Sham na mali ya Bibi Khadija r.a., akafanya biashara kwa mtaji wa mwingine, kabla ya kumuoa. Hakuona aibu kwa lile wala kiburi kwa hili.

Na ajabu zaidi ni khabari ya Sayyidna Abubakar r.a. Yeye alikuwa mfanyi biashara ya nguo. Alipokwisha kuchaguliwa kuwa Khalifa, katika mwaka wa 11 wa Hijra, asubuhi yake alionekana yuaenda sokoni na nguo zake begani. Wakakutana naye Sayyidna Umar na Abu Ubaida r.a., wakamuuliza yuaendea nini sokoni naye amekwisha kutwikwa mambo ya Waislamu. Akawajibu kwa kuwauliza watu wa nyumbani kwake watakula nini. Wakamkadiria posho katika Baitul-Mali, naye akaacha biashara akaingia katika kazi ya posho. Tazama basi: mbora wa umma huu baada ya Mtume wake aliacha duka akashika mshahara, kwa kuwa wajibu wake ulikuwa huko. Na jambo la kwanza lililotoka kinywani mwake lilikuwa ni chakula cha watu wake.

Watu wanaopenda kuwahimiza vijana waache kazi humtaja sana Sayyidna Abdurrahman bin Auf r.a. Alipohamia Madina, nduguye wa Kiansari, Saad bin Rabii, alitaka kumkatia nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka akasema aonyeshwe soko tu. Akaenda soko la Banu Qainuqaa, akarudi na jibini na samli za faida. Kisa hiki ni sahihi, na ni kizuri. Lakini wasimuliaji hukiacha upande wake mmoja. Abdurrahman hakujifunzia biashara katika soko lile. Alikuwa mfanyi biashara tangu Makka, aijua mizani na awajua watu. Na siku alizokuwa akianza, hakuwa mtu wa kulala njaa akikosa faida. Alikuwa amepewa ndugu, na mlango wa nduguye ulikuwa wazi kwake. Mwenye ujuzi kama ule na ndugu kama yule, huyo na aende sokoni leo. Asiye na viwili hivyo asijivike joho la Abdurrahman.

Wala tusiseme kwamba mshahara ni ngome isiyoanguka. Watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa hilo. Mwaka wa 2019, serikali ilipoamrisha mizigo ya kwenda bara ichukuliwe kwa reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017, watu waliokuwa wakila kwa malori na maghala waliona kazi zao zikikatika, wakatoka barabarani kulalamika. Mwaka wa 2022 ikaamriwa kazi ya kutoa mizigo irejeshwe Mombasa. Na baina ya miaka hiyo ukaingia ugonjwa wa Korona, wengi wakarudishwa majumbani. Basi aliyeajiriwa na aliyejiajiri wote wamo katika mkono wa Mwenyezi Mungu. Mwajiri si mwenye kuruzuku, na duka halimruzuku mtu.

DIRHAMU MBILI

Ikiwa zote mbili ni halali, basi suala la haki si kwamba ipi ina baraka zaidi. Suala ni hili: mshahara huu niutakao kuuacha, ni haki za nani zimesimama juu yake, na nitakapouondoa haki hizo zitasimama juu ya nini?

Mafundisho bora tuliyoyaona katika jambo hili ni kisa walichokipokea Abu Daud na Ibn Majah. Wanavyuoni wa hadithi wameisema sanadi yake, na wako walioiona ni dhaifu. Twalitaja hilo mapema, tusirudie kosa letu la kwanza. Hatukileti ili kuwa asili ya hukumu, kwani hukumu yenyewe imesimama kwa dalili nyingine kama tutakavyoeleza, bali twakileta kwa kuwa chaonyesha mpango wake.

Mtu mmoja katika Ansari alikwenda kwa Mtume s.a.w. kuomba. Akaulizwa nyumbani kwake kuna nini. Akasema kuna nguo moja, baadhi yake huivaa na baadhi yake huitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume s.a.w. akavinadi vitu hivyo mbele ya watu mpaka vikafika dirhamu mbili. Akampa yule mtu dirhamu zote mbili, akamwamrisha kwa moja anunue chakula awapelekee watu wake, na kwa ya pili anunue shoka amletee. Alipoleta shoka, Mtume s.a.w. alilitia mpini kwa mkono wake, akamwambia aende akate kuni auze, na asimwone muda wa siku kumi na tano. Akarudi na dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Mazingatio ni haya, ewe ndugu. Mtu yule alikuwa fakiri kabisa, na mtaji wake wote ni dirhamu mbili. Lau ingekuwa ni ushauri wa hawa wanenaji wa siku hizi, angeambiwa atie zote mbili katika biashara ili faida iwe kubwa. Lakini dirhamu ya kwanza haikuguswa na biashara. Ilikwenda nyumbani, nayo ikatangulia shoka. Kisha biashara aliyopewa ni ile anayoiweza: hakuambiwa kuuza hariri. Kisha akawekewa muda wa hesabu, ili aone kazi yaenda au haiendi. Na mtaji wenyewe ulitoka katika kitu chake, si katika deni.

Na asili ya hukumu ni zile Hadith zilizothibiti kwamba yamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale walio juu yake kuwalisha, na kwamba Mtume s.a.w. alimkataza Saad bin Abi Waqqas r.a. kutoa mali yake yote sadaka, akamwambia kuwaacha warithi wake na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakinyosha mikono kwa watu. Ikiwa sadaka, ambayo ni ibada, imewekewa mpaka kwa ajili ya watu wa nyumbani, basi itakuwaje duka?

Ndugu yetu karani ametuletea hesabu zake, nasi ametupa ruhusa kuzitaja. Matumizi ya nyumba yake, pamoja na kodi, chakula, karo na dawa za mama, ni shilingi 42,000 kwa mwezi. Akiba yake ni shilingi 190,000, na hizo ndizo alizokusudia ziwe mtaji. Tena ana deni alilokopa, linalokatwa katika mshahara, nalo limebakia miezi kumi na minne.

Tumeketi tukahesabu pamoja naye. Tukiweka miezi sita tu ya chakula cha nyumbani kabla ya duka kusimama, hizo ni shilingi 252,000. Yeye ana 190,000. Maana yake ni kwamba hana dirhamu mbili. Ana moja, nayo haijatimia. Akiitia katika magunia ya mchele, watoto watakula katika magunia yale yale kabla hayajauzwa. Na hivyo ndivyo yanavyokufa maduka mengi ya jamaa zetu: si kwa hasadi ya jirani, wala si kwa jicho, bali kwa mkono wa mwenyewe ulio ndani ya kasha la duka kila jioni.

Tena yako mambo ambayo mshahara huyafanya kimyakimya, na mtu huyaona siku yanapokoma. Tangu Oktoba 2024, mwenye mshahara nchini Kenya hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii, naye hana habari. Anayejiajiri hana wa kumkatia, ni juu yake kwenda kulipa mwenyewe. Kadhalika akiba ya uzeeni, ambayo mwajiri huongeza sehemu yake. Vitu hivi vyote viandikwe katika dirhamu ya kwanza.

AMANA YA MWAJIRI

Haki ya pili ni ya yule anayeachwa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha mwanzo wa Sura ya Al-Maida kutimiza ahadi, na mkataba wa kazi ni ahadi. Sharia ya kazi ya Kenya ya mwaka wa 2007 yamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe ilani kwa maandishi ya siku 28, au zaidi ikiwa mkataba umesema zaidi. Kumtii mwajiri katika hilo si woga, ni dini. Twasikia vijana wakijisifu kwamba walipokea mshahara Ijumaa na Jumatatu hawakuonekana. Hilo si ushujaa hata kidogo.

Na ovu zaidi ni yule anayeanza biashara yake ndani ya saa za mwajiri: simu ni ya ofisi, wino ni wa ofisi, wakati ni wa ofisi, na faida ni yake. Mwenyezi Mungu amewatishia adhabu wale ambao wakipimiwa hutaka kujaziwa, na wakiwapimia wengine hupunguza. Watu hudhani onyo hilo ni la wenye mizani ya duka tu. Lakini apokeaye mshahara mzima na kutoa nusu ya kazi, naye ana mizani mbili. Wala si halali kuchukua daftari la wateja wa ofisi ukaenda nalo. Ustadi ulioupata kwa miaka tisa ni wako. Siri ulizoaminiwa si zako. Duka lililofunguliwa kwa khiana, mwenyewe asishangae khiana ikiingia dukani mwake.

MTAJI

Haki ya tatu ni ya Mwenyezi Mungu, nayo ni kwamba mtaji uwe safi. Wengi wafanyao haraka ya kuacha kazi, siku chache kabla ya kutoa ilani huenda benki kuchukua mkopo wa riba kwa dhamana ya mshahara, wakajua wazi kwamba mshahara huo wako njiani kuuacha. Hapo pana madhambi mawili: riba yenyewe, ambayo Mwenyezi Mungu ametangaza vita juu yake, na hadaa, kwani mkopeshaji ameonyeshwa mshahara ambao hautakuwapo. Na mshahara ukikoma, makato hayakomi.

Njia za halali zipo. Iko mudharaba: mmoja atoe mali, mwingine atoe kazi, wapatane sehemu ya faida. Tuseme mwenye mali ametoa shilingi 400,000 na wamepatana nusu kwa nusu. Ikipatikana faida ya 60,000, kila mmoja ana 30,000. Ikitokea khasara ya 60,000 bila ya uzembe wa mfanyi kazi, khasara hiyo ni ya mwenye mali, na mfanyi kazi amekwisha kukhasiri jasho lake. Ama ikiwa wameshurutishana kwamba mwenye mali apewe 10,000 kila mwezi, ikipatikana faida au isipatikane, huo si ushirika tena, mkataba umeharibika. Tumeona jamaa wengi wakiita mambo haya "ushirika" na ndani yake mna riba. Na tangu mwaka wa 2008 zimefunguliwa nchini benki zilizojitangaza kufuata sharia. Mwenye haja na aziendee, lakini asome mkataba wenyewe, asitosheke na jina lililo mlangoni.

Na chochote walichopatana, kiandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni. Sisi watu wa pwani tumeifanya aya hiyo kuwa ya kusomwa tu. Tukitaka kupeana fedha na ndugu twaona haya kutoa karatasi, kisha baada ya mwaka hatuoni haya kukatana udugu.

Sayyidna Umar r.a. alikataza asiuze sokoni mwao ila mtu aliyefahamu dini. Basi kabla ya kufungua mlango, mtu ajifunze mauzo yaliyokatazwa, na ajue zaka ya biashara: mwaka ukitimia athamini mali yake kwa bei ya siku hiyo pamoja na fedha alizonazo, na ikifika nisabu atoe robo ya sehemu ya kumi. Mwenye mali ya shilingi 600,000 iliyofika nisabu atatoa 15,000. Na hizo si "matumizi" ya kukatwa yakipatikana. Ni haki ya wenyewe.

SHAURI NA ISTIKHARA

Baada ya hayo, mtu ataka shauri kwa nani? Wengi watatafuta rafiki, na wengine watakwenda kwa mtazamia nyota apigiwe ramli aambiwe siku njema ya kufungua, kisha atundike hirizi juu ya mlango wa duka. Hayo ni upotevu, na fedha zinazolipwa kwa ajili yake zingenunua gunia la mchele. Mtume s.a.w. ametufundisha istikhara, kama ilivyopokewa na Jabir r.a. katika Bukhari: ni rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, na dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lililo kheri. Si sharti kuota ndoto, wala si kumwajiri mtu mwingine aote kwa niaba yako. Fanya uchunguzi, shauriana, swali rakaa zako, kisha shika njia. Ikiwa ni kheri itakunyokea, na ikiwa ni shari Mwenyezi Mungu atakuepusha nayo.

Na wa kwanza wa kushauriwa ni mke. Siku ya Hudaibiya, Mtume s.a.w. mwenyewe aliingia kwa Bibi Ummu Salama r.a. akamweleza yaliyomkuta na watu wake, naye akampa shauri, na shauri lake likafuatwa. Lakini waume wetu humpa mke khabari baada ya barua kwisha kupelekwa.

Yule kijana mwalimu tuliyemtaja, tulikwenda naye nyumbani kwa mkwewe kuomba radhi kwa sehemu yetu katika yaliyowafika. Mkewe alitoka akaketi upande wa babake, akatwambia: "Shekhe, dhahabu nalimpa kwa radhi yangu, na leo akiniomba nyingine nami ninayo, nitampa. Lakini siku ile hakuna aliyeniuliza watoto watakula nini. Si yeye, wala si nyinyi." Hatukuwa na jawabu, wala hatuna mpaka leo. Mahari ni mali ya mwanamke, na akiyatoa kwa nafsi yake njema ni halali kwa mumewe. Bali kuyachukua si kumshauri.

JAWABU LETU

Wazee wetu wa jahazi walikuwa hawang'oi nanga wakati wa maleleji, pepo za kaskazi zikiwa zimekwisha na kusi haijashika. Nahodha akingoja, hakuna aliyemwita mwoga. Lakini upepo ukishatulia, nahodha aliyebaki bandarini akila akiba ya safari naye aliitwa kwa jina lake. Kungoja kuna wakati wake, na kuondoka kuna wakati wake.

Ewe ndugu karani, jawabu letu kwako ni kwamba usiache kazi sasa. Maliza kwanza hiyo miezi kumi na minne ya deni, kwani Mtume s.a.w. aliwahi kujizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada r.a. alipolidhamini. Katika muda huo anza na magunia machache, jioni na siku za mapumziko, baada ya kuhakikisha kwamba mkataba wako haukukatazi. Andika kila ulichonunua na kila ulichouza, na kila baada ya siku kumi na tano keti na mkeo muitazame hesabu. Faida usiile, iwe ndiyo dirhamu ya pili. Na akiba uliyonayo ibaki kuwa ya kwanza, uiongeze mpaka ifike miezi sita.

Ikiwa deni limekwisha, na dirhamu zote mbili zimetimia, na daftari lako laonyesha kwamba mchele wauzika kwa faida, basi andika ilani yako, swali rakaa zako, na utoke. Wakati huo ukija kutwambia kwamba bado waogopa, jawabu letu litakuwa jingine. Tutakukumbusha kwamba Shetani ndiye anayewatisha watu kwa ufakiri, na kwamba ndege hutoka asubuhi na tumbo tupu, hawabaki vioteni.

Ama mwenye kazi iliyo haramu yenyewe, kama kuuza pombe au kuandika riba, hukumu yake si hii. Huyo na afanye haraka ya kutafuta mlango mwingine, uwe wa biashara au wa mshahara wa halali, wala asiifanye hesabu ya miezi sita kuwa kisingizio cha miaka sita.

Na ulilouliza kwamba kubaki katika mshahara ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu: sivyo. Mtume s.a.w. alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake atawakali, au amwache huru atawakali, alimwamrisha amfunge kisha atawakali. Wewe unapokwenda ofisini alfajiri kwa ajili ya mama na watoto, ukafanya kazi kwa uaminifu, umo katika ibada. Usikubali mtu yeyote akutie haya kwa hilo, hata akiwa amekaa juu ya mimbari.

Na kila aliyesikia kwetu neno lile la sehemu tisa katika kumi, na aliweke mahali pake: si neno lililothibiti kutoka kwa Mtume s.a.w. Aliyelipeleka kwa mwingine kwa sababu yetu, twamwomba ampelekee na masahihisho haya.

Ewe Mola wetu, turuzuku riziki ya halali iliyo na baraka, utukinaishe kwa uliyotupa, wala usitujaalie kuwa sababu ya njaa katika nyumba ya Muislamu yeyote. Wallahu aalam.